Huyu Mtoto Munamtuma?

Ulipompelekea mtoto, hakuanza na jina lake, wala umri wake, wala kanisa mnalosali. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akamtazama na yeyote aliyemsindikiza mama, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Huyu mtoto munamtuma?" Watu walidhani hawakusikia vizuri. Wametoka mbali na mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, au na kaakaa lililo wazi mpaka puani, wanataka kujua atasema lini kama watoto wengine, na mtaalamu mwenyewe anawauliza habari za kutumwa chumvi. Wengi walijibu kwa hasira kidogo kwamba hapana, hawamtumi, kwani atamwambia nini mwenye duka? Naye aliitikia kwa kichwa na kusema, "Haya, tutaanzia hapo."

Sisi tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa amesomea Kampala kazi ya kuwasaidia watu wenye shida ya kusema, akaajiriwa katika hospitali moja ya Tororo, na kila Jumatano alikuja kwetu Busia, upande wa Uganda, kuwaona watoto katika ukumbi wa kanisa. Cheo chake kilikuwa kirefu na cha Kizungu, na sokoni hakuna aliyeweza kukitamka chote, jambo lililomchekesha yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Mwanzoni alilikataa jina la Mwalimu akisema walimu ni watu wa fimbo. Alipoona hasikilizwi akalizoea, na mwishowe ukimwita kwa jina lingine haitiki.

Mimi nashona sare za shule. Kibanda changu cha cherehani kinatazamana na ukumbi ule, na kwa sababu ya joto milango yote miwili ilikuwa wazi siku nzima, kwa hiyo kwa miaka mingi niliitazama kazi yake bila kiingilio. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mwendo wa haraka, na alijipenda sana. Viatu vyake vilikuwa safi hata msimu wa matope, na mpaka leo sijui alifanyaje. Alivaa hereni kubwa kwa makusudi, akisema mtoto akishatazama hereni yuko jirani na kutazama mdomo. Mkobani alikuwa na kioo kidogo chenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kukiweka chini ya pua ya mtoto anayejaribu kusema "pa", ili aone kama kinaingia ukungu, maana yake pumzi imetorokea puani badala ya kutokea mdomoni. Kazi ya pili ni kujitazama. Kazi ya pili ilichukua muda mrefu zaidi.

Alikuwa pia mlaji wa karanga asiye na aibu. Maganda aliyaacha chini ya viti vya ukumbi, na mchungaji alikuwa akilalamika kila Alhamisi. Mtu aliyelipwa mshahara kuwafundisha watu kusema wazi alikuwa akizungumza nasi karanga zimejaa shavuni, na tukimwambia hatujamwelewa anatushangaa. Kanisani kwao hakuwahi kufuata wimbo hata mmoja kwa sauti sahihi, lakini alikaa mstari wa mbele wa kwaya, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Nyumbani kwake, mumewe alinieleza siku moja kwa sauti ya chini, redio ikianza habari hakuna ruhusa ya kusema neno.

Lugha alizijua nyingi. Dhopadhola ilikuwa ya kwao, Ateso aliijua kwa majirani, na Lusamia aliisema vibaya na kwa furaha. Kuna mama mmoja aliyekuja na mtoto aliyefunikwa shali, akawa anamfundisha mtoto maneno ya Kiingereza mbele ya Mwalimu ili aonekane mzazi wa maana. Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Akimwaga maji, unamgombeza kwa lugha gani?" Mama akasema Ateso. "Basi mufundishe kwa hiyo. Hiyo ndiyo anaamini." Huo ulikuwa msemo wake kwa wazazi wote, kwamba mtoto afundishwe kwa lugha anayogombezwa nayo.

Jambo jingine aliloligombania ni wageni. Wakati mwingine walikuja watu wakubwa kuutembelea ukumbi, na waandaaji wakaomba mtoto mmoja asimame aseme shairi fupi, wageni waone maendeleo. Mwalimu alikataa kila mara, tena kwa sauti iliyofika kibandani kwangu. "Mtoto si redio ya kufungulia wageni," alisema. Wageni walipewa soda wakaenda zao.

Sasa niseme jinsi alivyoingia katika nyumba yetu.

Kaka yangu Wandera anakaa Dabani, kwenye boma la mama yetu, analima mihogo na mahindi. Mkewe Athieno ni mtu wa Paya, Mjopadhola. Walikutana sokoni, yeye hajui Lusamia, Wandera hajui Dhopadhola, kwa hiyo walichumbiana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, na mpaka leo wanagombana kwa Kiswahili. Mtoto wao wa kwanza ni Nabwire. Mimi ndiye shangazi yake, au senge kama tunavyosema kwetu. Alizaliwa na mdomo uliopasuka upande mmoja na kaakaa lililo wazi, na alipojaribu kunyonya, maziwa yalirudi kwa njia ya pua. Athieno alilia. Wapo waliokuja kutazama na kusema waliyosema, mama yangu akawafungia mlango. Mimi niliwaleta mama na mtoto Busia, nikawavusha barabara mpaka ukumbini siku ya Jumatano.

Mwalimu alimkalisha mtoto wima mapajani mwake. Akamwonyesha Athieno jinsi ya kumnywesha akiwa amekaa hivyo, kidogo kidogo, kwa chupa laini ya kubonyeza, na mtoto akashiba kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akatueleza kwamba madaktari wa Kampala watashona mdomo kwanza, na kaakaa baadaye, mtoto akikua kidogo. Kisha akauliza swali lake. Nilicheka. "Mwalimu, hata shingo haijakaza. Tutamtuma wapi?"

"Iko siku mutamtuma," alisema. "Lakini mtoto anatumwa na watu wenye wamekuwa wakimwambia mambo. Muanze kumwambia sasa. Mukipika, mwambie munapika nini. Mukichoka, mwambie."

Tulitii. Athieno akikaa kwangu kungojea siku za hospitali, mtoto alilala kwenye kikapu cha vitambaa karibu na cherehani, nami nikamwambia mambo. Nilimwambia nani amenenepa na anataka gauni lilelile lipanuliwe, nani ameshonesha nguo mbili za harusi kwa mabwana wawili. Nabwire alikuwa mtu pekee wa Busia aliyejua siri za wateja wangu wote, naye alinitazama kwa makini na kuachama bila jino.

Alipoanza kutoa sauti, alisema "mamama" na "nanana", na "wawawa" akifurahi. Kila mtu alifurahi isipokuwa Wandera. Mtoto alikuwa akimwita mama, akiniita mama mimi, akimwita mama hata mbuzi, lakini "baba" halikutoka. Wandera ni mtu mkubwa wa kubeba magunia, lakini jambo lile lilimuumiza, na siku moja aliacha jembe akaja Busia peke yake kumuuliza Mwalimu kwa nini mtoto anamkataa.

"Hakatai," Mwalimu alimwambia. "'Mama' inapita puani, haina shida. 'Baba' inataka nyumba yenye iko na paa. Wacha kwanza tuezeke."

Wandera aliridhika. Kaakaa liliposhonwa, na kidonda kikapona, alikaa mbele ya mtoto kila jioni akingoja. Halikuja. Alirudi kwa Mwalimu, safari hii na manung'uniko: paa si limeezekwa? Mwalimu akamjibu kwamba paa ni jipya, lakini mwenye nyumba amezoea kupitia dirishani, na kumzoesha mlango ni kazi ya miaka. Ndivyo ilivyokuwa. Nabwire alipoanza kusema maneno, aliyakata kooni badala ya kuyafunga kwa midomo, na mengine yaliendelea kupitia njia ya zamani ya pua.

Kisha kuna habari ya kipenga. Mtu fulani alimwambia Wandera kwamba mtoto wa aina hiyo apewe vitu vya kupuliza, ili pumzi ipate nguvu. Akanunua kipenga cha refa. Nabwire alipuliza kutoka asubuhi mpaka kuku wanaingia kulala, boma zima likawa linatembea mikono masikioni. Mwalimu aliposikia alikichukua kipenga kile. "Kupuliza inamufundisha kupuliza," alisema. "Kama munataka refa, muendelee. Kama munataka mtu wa kusema, mumpe kitu cha kusema." Alikuwa sahihi, lakini hakukirudisha. Nilikiona baadaye kwenye mashindano ya mpira ya kanisa lao, shingoni mwake, akiamua mechi ambayo sheria zake hakuzijua.

Nabwire alipofikia umri wa kuanza shule, alikuwa msichana mwenye maneno mengi na wasikilizaji wachache. Ndani ya boma alisimulia kuanzia anapoamka. Akivuka barabara ya Dabani anakuwa bubu. Mgeni akimsikia, hamuulizi yeye, anamuuliza aliyefuatana naye, "Anasema nini huyu?" Mtoto aliliona hilo mapema kuliko sisi, akaona afadhali anyamaze. Wandera naye akatangaza kwamba hataenda shule mpaka aseme vizuri. "Watamcheka," aliniambia. "Sitaki mtoto wangu awe sinema ya darasa." Athieno alitaka aende. Mama yangu alikuwa upande wa Wandera. Mimi nilitaka aende, lakini sauti ya shangazi aliyehamia mjini haifiki mbali katika boma la kaka yake. Nilichoweza ni kuvuka barabara kumwambia Mwalimu.

Alikwenda Dabani Jumamosi iliyofuata, kwa bodaboda, kwa gharama yake na kwa hasira yake. Nilikuwepo. Alikaribishwa kiti, akapewa chai. Mama yangu akamwita Nabwire alete sukari. Mwalimu akatua kikombe chini. Wandera akamwambia Nabwire asimwage. Mwalimu akageuka kumtazama Wandera. Kisha akauliza, kwa upole ambao kwake ulikuwa wa kutisha, "Hapa mgonjwa ni nani?"

Maana watu wazima wale, walipomwambia mtoto jambo, walikuwa wakisema kama yeye. Mama yangu, mwenye kinywa kizima na meno yote, aliyafungia maneno kooni na kuyapitisha puani. Wandera vilevile. Mimi nilikuwa nimeliona hilo nikadhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi. Mama yangu alipoulizwa hakuona haya hata kidogo. "Watu wote wana mtu wa kusema naye," alisema kwa Lusamia, nami nikatafsiri. "Sikutaka yeye awe peke yake katika lugha yake."

Nilitegemea mahubiri. Badala yake Mwalimu akamshika mama yangu mkono. "Mama, umemfuata mpaka pahali alipo. Wengi hawaendagi. Sasa mushike mkono, urudi naye." Mama yangu alifuta macho kwa ncha ya kitenge, na tangu siku ile alimsemesha mjukuu wake kwa midomo yake kamili.

Lakini Mwalimu alijua hilo peke yake halitoshi, kwa sababu katika boma lile kila mtu alimwelewa Nabwire hata akisema vipi. "Mwenye anakupenda si mtihani," alituambia. "Mwenye anakupenda anaelewa hata ukikohoa." Alitaka mtu mwenye kumheshimu mtoto lakini asiyeijua sauti yake, na mtu huyo akaja mwenyewe kutoka Paya, nyuma ya baiskeli, na begi na kuku wawili. Athieno alikuwa amejifungua mtoto wa pili, wa kiume, na mama yake alikuja kumtunza.

Kwetu, na kwao Paya vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mikono, hawakai pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Mama mkwe akifikia boma la mkwe wake, analala nyumba ya bibi, na mkwe akitaka kupita uani anazungukia nyuma ya ghala. Likitokea neno la kuambiana, linabebwa na mtu wa tatu. Kazi hiyo ingekuwa ya mama yangu. Mwalimu alipopata habari kwangu alipiga simu akasema mjumbe ni Nabwire peke yake, na mwingine asiguse.

Mama yangu alipinga. Mila si mchezo, alisema.

"Ndiyo sababu ninaitaka," Mwalimu akajibu simuni. "Mchezo, mtoto anaweza kuacha. Mila lazima jibu lirudi."

Siku ya kwanza ilitaka kuvunja ndoa. Bibi wa Paya, ambaye Nabwire alimwita Jaja kama watoto wa Uganda wanavyowaita bibi zao, alikuwa mama wa heshima zote. Mjukuu alipomletea maneno na yeye asiyaelewe, aliona ni matusi kusema hajaelewa. Kwa hiyo alitabasamu na kusema, "Ndiyo, mjukuu wangu." Wandera aliuliza kama anapenda chai isiyo na sukari. Ndiyo. Akauliza kama jogoo angoje Jumapili. Ndiyo. Jioni Wandera akauliza, kwa wema tu, kama mama anapata usingizi mzuri huku kwetu au angependa kurudi Paya kesho. Ndiyo, mjukuu wangu.

Wandera aliona uchungu, lakini mkwe hambishii mama mkwe. Asubuhi kijana wa bodaboda alikuwa mlangoni akipiga honi, akisema ametumwa amchukue mama mkwe amrudishe kwao. Bibi wa Paya alidhani anafukuzwa. Alikaa juu ya begi lake katikati ya uani, kuku wake wamefungwa miguu pembeni, na Wandera yuko nyuma ya ghala anajiuliza amekosa nini, hawezi kutokeza. Athieno ndiye aliyetoka na kitoto kifuani, akauliza, akaelewa, akacheka na kulia kwa pamoja.

Tulimpigia Mwalimu simu, tukaweka sauti kubwa. "Hiyo 'ndiyo' ya heshima ndiyo inaua mtoto," alisema. "Mama, kama hujasikia, umwambie hujasikia."

"Nitamwambiaje mtoto wa mtu kwamba simsikii?" bibi wa Paya akauliza. "Hayo ni matusi."

"Basi umtukane kidogo kila siku."

Akaanza kumtukana. Nabwire akileta neno, bibi anasema, "Hiyo sijasikia, mjukuu wangu. Rudia." Mara ya kwanza mtoto alirusha ndala yake juu ya paa la jiko. Mara nyingine alilia, mama yangu akataka kuinuka kumsaidia, nikamshika gauni. Kisha Nabwire akaanza kufanya alivyofundishwa ukumbini. Alisimama kando ya ghala, akaweka kiganja mbele ya mdomo, akalisema neno polepole mpaka pumzi imguse mkononi, ndipo akavuka uani kulipeleka. Siku moja alileta swali, kama mama atakula samaki mkavu. Bibi wa Paya hakusema ndiyo. Alisema, "Kama amekaangwa, nakula. Kama wa mchuzi, hapana." Nabwire alisimama pale akamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu nje ya boma letu kumjibu jambo alilouliza.

Siku ya mwisho kabla bibi hajaondoka, nilikuwa Dabani nikimenya mihogo na mama yangu. Bibi wa Paya alikuwa kibarazani mwa jiko. Wandera alikuwa nyuma ya ghala akitia mpini kwenye jembe. Bibi akamwita mjumbe. "Mwambie baba yako, mimi nauliza huyu mtoto ataenda shule lini."

Nabwire akavuka uani. "Baba," alisema, na neno lilitoka kwa midomo yote miwili, "Jaja anauliza mimi nitaenda shule lini."

Kisu changu kilisimama. Swali hilo Wandera alikuwa ameulizwa na Athieno na mimi, na kila mara alitujibu kwa hofu zake. Sasa ameulizwa na mtoto mwenyewe. Kuzunguka ghala kwenda kubishana na mama mkwe haiwezekani, na jibu lolote atakalotoa litapita katika kinywa cha binti yake. Aligonga mpini mara kadhaa bila sababu. "Mwambie muhula ujao."

Nabwire akalipeleka. Bibi akasema, "Mulize, muhula huu uko na ubaya gani?"

Akavuka tena. "Mwambie umeshaanza."

Akavuka. "Mwambie hata mvua ikianza watu wanapanda."

Nabwire alilileta hilo na mikono kiunoni, kama lilivyosemwa. Wandera alicheka mpaka jembe likamtoka. Nilisikia kicheko hicho na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri. "Mwambie Jumatatu," alisema. Mimi fundi sikungoja kutumwa. Nilitoa futi yangu mfukoni nikaanza kumpima sare palepale.

Walimcheka, kama Wandera alivyoogopa. Baadaye wakachoka, wakatafuta mwingine. Mwalimu aliendelea naye Jumatano kwa Jumatano kwa miaka, wakipigania "sa" na "sha", na hata leo Nabwire akichoka sana pumzi huponyoka kidogo puani. Mwalimu hakuwahi kuahidi zaidi ya hapo. Alipostaafu alirudi kwao Merikit kulima, na ukumbini akaja kijana mpole asiyekula karanga. Mchungaji anamsifu. Mimi namwona mpole mno.

Likizo iliyopita nilimpeleka Nabwire Merikit kumsalimia. Yuko sekondari sasa, amenipita urefu. Nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Tangu aanze shule ya bweni, ambako hakuna anayemjua tangu utoto, alikuwa amepunguza maneno mbele ya wageni. Dukani alinyoosha kidole. Tulipoteremka Merikit na kutaka kuuliza njia, aliniambia, "Senge, uliza wewe." Niliuliza, lakini moyo uliniuma. Niliona ule ububu wa barabara ya Dabani unarudi.

Tulimkuta Mwalimu kwenye mashine ya kusaga unga, ameketi juu ya gunia, beseni lake la mihogo mikavu na nafaka ya wimbi likiwa kwenye foleni. Amezeeka magoti, lakini hereni ni zilezile kubwa, na viatu ni safi ingawa pale vumbi la unga limejaa kila mahali. Alitukumbatia. Injini ilikuwa ikinguruma, watu wote wanapiga kelele ili wasikike. Alimuuliza Nabwire habari za shule, Nabwire akasema nzuri. Akamuuliza anapenda somo gani, akasema bayolojia. Zaidi ya hapo hakuongeza. Mwalimu akanitazama mimi, na nikajua ameona.

Ndipo mama mmoja mkubwa alipofika kutoka barabarani, akateremsha beseni lake kichwani na kulisukuma mbele ya beseni la Mwalimu, kama vile sisi ni magunia. Namjua Mwalimu. Kwa neno moja angemrudisha yule mama mpaka kwao. Hakusema kitu. Nilifungua mdomo mimi, akanifinya paja, kwa nguvu. Nabwire akanitazama. Nikajifanya nachunguza mihogo.

"Mama," Nabwire akasema, "hiyo si nafasi yako."

"Nani amesema?"

"Mimi nasema. Huyu mzee amefika kabla yako, na hawa wote nyuma yake wamefika kabla yako. Wewe umetoka barabarani sasa hivi."

"Mtoto wa nani wewe, wa kunifundisha laini? Umetoka wapi?"

"Nimetoka Busia. Huko pia kuna laini."

Foleni nzima ikageuka. Msagaji, mtu mweupe unga mpaka kope, alitaka kusikia, akazima injini. Nabwire hakujua kwamba itazimwa. Alikuwa amevuta pumzi ya kushinda mashine, na maneno yake yalitoka katika ukimya wa uwanja mzima, moja moja, mpaka kwa wanaouza nyanya ng'ambo ya barabara: "Basi saga kwanza, mama, lakini huo unga utaula na aibu!"

Watu waliangua kicheko. Yule mama alifoka. Alimtukana urefu, akasema amekuwa mrefu kama mlingoti na akili zimebaki chini. Aliitukana Busia, akasema huko watoto wanalelewa na magendo. Alinitukana mimi kwa malezi. Nilimsikiliza yule mama kwa makini yangu yote, nikingoja, mkono wa Mwalimu ukiwa bado juu ya paja langu, naye najua alikuwa anangoja jambo lilelile. Halikuja. Alitafuta kila cha kumtusi Nabwire, na namna yake ya kusema hakuigusa, kwa sababu alikuwa na kazi ya kuyajibu aliyoambiwa. Akachukua beseni lake akaenda nyuma, na Nabwire akamfuata kwa maneno mpaka huko, maana alikuwa bado nayo.

Mwalimu alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya leso na kuacha mstari wa unga shavuni. Zamu yake ilikuwa imefika. Msagaji akavuta kamba ya injini, ikakohoa ikanyamaza. Akavuta tena. Akafungua kifuniko, akachungulia, akasema mpaka fundi atoke Tororo. Watu wakaanza kunung'unika na kunyanyua mabeseni yao. Mwalimu akainuka, akakung'uta sketi, na kusema hakuna neno, leo tutakula viazi.

Nabwire alijitwika beseni la mihogo ambayo haikusagwa, akatangulia njiani akitueleza upya jinsi yule mama alivyokuja, alivyosimama, na mambo mengine mengi ambayo angemwambia kama asingekimbilia nyuma. Tulifika, tukapika viazi, tukavila vimepoa, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza.